Homa ni ya Nani?

Saitokini ni protini ndogo ambazo seli za mwili hutoa ili kuzipasha habari seli nyingine. Haziviui vijidudu kwa mkono wake zenyewe. Kazi yake ni kunena. Seli iliyogusana na kitu kigeni hutoa saitokini, nayo saitokini huelea katika majimaji ya mwili hadi ikutane na kipokezi chake juu ya seli nyingine, na hiyo ya pili hubadili mwenendo: hujigawa, huhama, hulegeza ukuta wa mshipa, hunyamaza, au hufa. Interferoni, mojawapo ya zilizotangulia kujulikana, ilielezwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann huko London, na tangu hapo zimegunduliwa kadhaa wa kadhaa. Mengi ambayo mgonjwa huyaita ugonjwa, yaani joto, baridi ya kutetemeka, viungo kuuma, chakula kutopita kooni na usingizi mzito wa mchana, ni matokeo ya habari hizo kuliko ya kijidudu chenyewe. Hapo swali la kitabibu huingia katika mlango wa dini na falsafa. Mateso ambayo mwili hujiletea ili ujiokoe ni ya nani, na yahesabiwe kuwa nini: adui, adhabu, mtihani au rehema?

Dabaso, kati ya magofu ya Gede na ufuo wa Watamu, swali hili ni la zamani kuliko neno saitokini. Masika yakishamwaga maji na mbu wakizidi, mtoto aliyeshinda akicheza huanza kuwaka magharibi. Joto likipanda hata akakakamaa na kugeuza macho, wazee husema ni degedege, au nyuni. Majina yote mawili ni ya ndege, kwa kuwa katika masimulizi ya pwani kuna ndege apitaye akamshika mtoto. Wapo watakaokwenda kwa mganga wa mburuga kuuliza aliyeleta. Wapo watakaomsomea mtoto Kurani, na watakaomwita mchungaji aikemee homa. Wengi hufanya haya pamoja na kumkimbiza zahanati, bila kuona mgongano wowote. Kinachounganisha njia hizo ni kwamba kila moja inamtafutia homa mwenyewe.

Kwa upande wa mwili, mwenendo wa homa ya malaria umeshajulikana vizuri. Kimelea cha Plasmodium falciparum hukaa ndani ya chembe nyekundu ya damu kwa takriban saa 48, kikiongezeka, kisha chembe hupasuka na vimelea vipya humwagika pamoja na taka zake. Tangu miaka ya 1880 Camillo Golgi wa Italia alikuwa ameona kwamba homa ya malaria huja kwa zamu, sambamba na kupasuka huko. Chembe nyeupe zinazomeza uchafu, makrofaji, huzitambua taka hizo na kutoa saitokini tatu mashuhuri: TNF, interlukini-1 na interlukini-6. Habari hufika kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto, na hapo hutengenezwa prostaglandini inayopandisha kiwango ambacho ubongo hukiona kuwa sawa. Kiwango kikishahamishwa kutoka nyuzi 37 hadi 39 au 40, mwili wenye joto la kawaida hujiona una baridi. Ndiyo maana mtoto hutetemeka na kuomba afunikwe leso, ilhali ngozi yake inauchoma mkono wa mama. Ubongo wake haujakosea. Umepewa amri, nao unaitii kwa kutetemesha misuli na kufunga mishipa ya ngozi mpaka joto lifike lilikotakiwa.

Amri hiyo ina maana gani? Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake huko Michigan waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani. Mjusi hana moto wa ndani kama mwanadamu. Hupata joto kwa kwenda penye jua. Mijusi wagonjwa walihamia mahali pa joto zaidi kuliko ilivyo desturi yao, na wale waliozuiwa kupata joto hilo walikufa wengi zaidi. Homa, basi, ni ya kale kuliko damu moto yenyewe, na kiumbe huitafuta hata kwa miguu yake. Katika malaria, maabara zimeonyesha kwamba joto la nyuzi 40 huvidhuru vimelea vinavyokaribia kukomaa. Huko Lambaréné, Gabon, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwafuatilia watoto 50 waliokuwa wakitibiwa malaria: waliopewa na paracetamol juu ya dawa yao walichukua saa 75 hivi damu kusafika, na wasiopewa saa 59. Tofauti hiyo haikuwafanya madaktari waitupe paracetamol, na walifanya haki. Mtoto anayeungua hali, hanywi, na dawa ya malaria yenyewe huitapika. Lakini inatosha kuonyesha kwamba anayeizima homa anazima pia kazi iliyokuwa ikifanyika.

Dini za pwani zimelisema jambo hili kwa njia mbili zinazoelekea kupingana. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume alimkataza mwanamke aitwaye Ummu Saib asiitukane homa, kwa sababu huondoa dhambi kama mvukuto wa mhunzi unavyoondoa taka za chuma. Katika hadithi nyingine, iliyomo kwa Bukhari na kwa Muslim, homa inanasibishwa na joto la Jahannamu na watu wanaagizwa waipoze kwa maji. Usiitukane, na ipoze: anayesoma kwa haraka ataona amri moja inaibatilisha nyingine. Ibn Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 1350, hakuona hivyo. Alilieleza agizo la maji kuwa linawaelekea watu wa Hijazi na homa zao za joto kali, na papo hapo akataja faida ambazo matabibu wa zama zake waliziona katika homa. Kwa Wakristo, Injili ya Luka inasimulia kwamba Yesu aliikemea homa ya mama mkwe wa Simoni. Mathayo anasimulia tukio hilo hilo, ila kwake Yesu aligusa mkono wa mama huyo, na homa ikamwacha. Wanaokemea homa katika makanisa ya pwani wanafuata njia ya Luka.

Kukemea kunaichukulia homa kuwa mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake. Katazo la kutukana linaichukulia kuwa mfanyakazi mwenye kazi nzito. Elimu ya saitokini inaupa uzito mtazamo wa pili, lakini hadi kiasi fulani tu. Zaidi ya hapo mtazamo wa kwanza nao unakuwa kweli, na kosa kubwa ni kudhani kwamba mpaka huo haupo.

Mpaka huo unaonekana wazi zaidi katika uvimbe. Mvuvi wa hori ya Mida aliyekatwa mguu na gamba la chaza hupata, kabla hakujapambazuka, zile alama nne alizozitaja Celsus wa Roma katika karne ya kwanza: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. TNF na wenzake ndio wafanyao hayo. Huilegeza mishipa midogo ili majimaji yapite, na huzifanya seli za ukuta wa mshipa ziote vishikizo vinavyonata, kimojawapo kikiitwa ICAM-1, ili chembe nyeupe zinazopita katika damu zinase, zijipenyeze na kufika penye jeraha. Ni utaratibu wa kupendeza, na bila huo mkato wa chaza ungeweza kuua.

Bahati mbaya ni kwamba chembe nyekundu iliyobeba falciparum nayo hunasa kwenye vishikizo hivyo hivyo. Mwili ukipiga mbiu ya hatari kwa sauti kubwa, kuta za mishipa ya ubongo huzidi kunata, chembe zilizojaa vimelea hurundikana humo, na mtoto hupoteza fahamu. Hiyo ndiyo malaria ya ubongo. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989 katika hospitali ya Kilifi, kusini mwa Dabaso, kimeichunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1997 watafiti walieleza aina ya pekee ya ICAM-1 iliyoenea sana miongoni mwa watu wa huko, wakaipa jina la Kilifi. Katika uchunguzi wao, watoto walioirithi kwa baba na kwa mama walielekea zaidi kupatwa na malaria ya ubongo. Tafiti za mahali pengine hazikuona hatari hiyo. Kama kweli inadhuru, kwa nini imeenea namna hii mahali ambapo malaria imewaua watoto kwa karne nyingi? Fumbo linalofanana nalo limeshafumbuliwa kwa selimundu: kurithi upande mmoja humkinga mtoto sana na malaria kali, kurithi pande zote mbili ni ugonjwa. Hilo la ICAM-1 bado ni fumbo.

TNF yenyewe ilipewa majina mawili kabla watu hawajajua kuwa ni kitu kimoja. Mwaka 1975 kundi la Lloyd Old huko New York liliiita kwa kazi ya kuua uvimbe wa saratani katika panya. Wengine, akiwemo Anthony Cerami, walikuwa wakitafuta kinachowakondesha wanyama walioambukizwa vimelea vya jamii ya nagana, ugonjwa wa ng'ombe uenezwao na mbung'o, na walichokipata wakakiita kikondeshaji. Mwaka 1985 ilidhihirika kwamba muuaji wa saratani na mkondeshaji ni protini ile ile. Kiswahili nacho kina jambo la kutazamwa hapa: neno uvimbe hutumika kwa mguu uliofura na kwa donge la saratani pia, kana kwamba lugha haikutaka kutenganisha kinachojikinga na kinachoasi.

Ilipofahamika kwamba watoto wenye TNF nyingi katika damu ndio wanaozidiwa na malaria, ilionekana dhahiri kwamba dawa ya kuikamata TNF ingewaokoa. Jaribio likafanywa Gambia kwa watoto 610 wenye malaria ya ubongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Waliopewa kingamwili dhidi ya TNF, homa yao ilishuka upesi zaidi. Vifo havikupungua: karibu asilimia 20 kwa waliopewa, karibu asilimia 21 kwa wasiopewa. Na miongoni mwa walionusurika, madhara ya kudumu ya ubongo yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa. Ni habari ya kuhuzunisha, kwani waliolifanya jaribio hilo walitaka kuwaokoa watoto ambao dawa peke yake ilikuwa haiwatoshi.

Matokeo hayo yanagusa hoja ya kale kuhusu uovu. Hoja hiyo huuliza kwa nini Muumba mwema aache madhara katika kiumbe chake, na huchukulia kwamba madhara ni kitu kinachoweza kuchomolewa kama mwiba, kizuri kibaki. TNF haichomoleki hivyo. Iliyowazidia watoto wa Gambia ndiyo inayomponya mvuvi wa Mida. Hakuna TNF njema na TNF mbaya, bali kuna nyingi na kidogo, mapema na kuchelewa, mguuni na ubongoni. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu maneno mawili ya shina moja, kadiri na kadari. La kwanza ni kipimo, la pili ni majaaliwa. Katika imani ya Kiislamu kila kilichoumbwa kimeumbwa kwa kipimo, na mara nyingi hilo hueleweka kama tamko kuhusu yatakayompata mtu. Likisomwa pamoja na habari za saitokini, linakuwa pia tamko kuhusu jinsi mema yenyewe yalivyo: yamo katika kipimo, na yakikiacha kipimo hugeuka bila kubadili jina.

Maelezo hayo hayamfariji mzazi aliyezika, na haifai kuyatumia kwa kazi hiyo. Lakini yana uzito wa namna nyingine. Katika mapokeo ya Kigiriama, Mulungu ni muumba, na shari za kila siku hutafutwa kwa pepo, kwa koma wa ukoo au kwa binadamu wenye husuda. Katika kaunti ya Kilifi, utafutaji huo umekuwa ukiishia kwenye damu: wazee wenye mvi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wamelazimika kuhama makwao na kuishi katika makimbilio. Mama anayeuliza kwa nini mtoto wake, na si wa jirani waliolala nyumba moja, anauliza swali la haki. Jibu la sehemu lipo: mtoto huyu amerithi vishikizo vya aina hii, saitokini zake hupanda kwa kasi hii, yule ana selimundu ya upande mmoja. Sehemu iliyobaki haina jibu, na muumini ana ruhusa ya kuiita majaaliwa. Jirani mwenye macho mekundu anayesingiziwa uchawi hana nafasi katika sehemu yoyote kati ya hizo mbili.

Kisiwani Pemba somo la kipimo lilikuja kwa njia ya madini ya chuma. Interlukini-6 inapopanda, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo hufungia chuma ndani ya seli na kukizuia kisifyonzwe kutoka tumboni. Mtoto anakuwa mpauko, damu haba, na anayemtazama huona upungufu wa kuzibwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya watoto wa Pemba walipewa chuma na asidi ya foliki katika jaribio kubwa. Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa walikuwa wakilazwa au kufa zaidi, kwa kiasi cha asilimia 12 juu ya wenzao. Vijidudu navyo huhitaji chuma, na sehemu ya upungufu ule ilikuwa ghala lililofungwa kwa makusudi wakati wa vita. Tangu hapo ushauri umekuwa kwamba mahali penye malaria chuma kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Chuma hakikukatazwa, maana mtoto asiye nacho kweli hudumaa.

Kazi ya tatu ya saitokini, baada ya homa na uvimbe, ni kukuza, na hapa lipo jambo linalotisha kuliko homa. Seli za uboho huongezeka kwa amri za protini hizi: kuna inayoamuru chembe nyekundu zizaliwe, kuna inayoamuru chembe nyeupe, na kuna zinazolifunga jeraha kwa kuhimiza ngozi mpya. Mwili wenye kinga ni mwili unaozaa seli kwa wingi kila unaposhambuliwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago huko Kampala na Mkristo mcha Mungu, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Baadaye alisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika akiuliza hospitali baada ya hospitali, na akaona kwamba saratani hiyo inafuata nchi za joto na mvua, kule kule iliko malaria. Mwaka 1964 virusi vya Epstein na Barr vilionekana ndani ya seli za uvimbe huo. Lakini virusi hivyo viko karibu kila mahali duniani, na saratani hii haiko kila mahali.

Kinachoongezwa na malaria ni wito usiokoma. Kila ambukizo huziamuru chembe nyeupe za aina ya B zijigawe, na katika kujigawa huko seli hukata na kuunga upya sehemu za vinasaba vyake ili kuboresha kingamwili. Mtoto anayeambukizwa tena na tena huishi na karakana isiyofungwa, na siku moja kipande hukatwa pasipo pake: kinasaba cha kuhimiza ukuaji, MYC, huhamishiwa mahali ambapo hakizimiki. Kuanzia hapo seli haihitaji tena kuambiwa ikue. Hakuna aliyekosea katika mlolongo huu, wala kijidudu hakikukusudia saratani. Seli ziliitikia mwito halali mara nyingi mno. Anayetafuta dhambi iliyosababisha uvimbe wa mtoto wa miaka sita hataipata, si kwa mtoto wala kwa wazazi wake.

Mwili pia una protini za kutuliza. Interlukini-10 huziambia makrofaji zipunguze kelele, na watu waliokulia penye malaria hujifunza kuzitumia. Mtoto wa Dabaso aliyezaliwa masika yaliyopita huunguzwa na vimelea vichache. Mtu mzima aliyeumwa na mbu wa huko tangu utotoni anaweza kubeba vimelea katika damu yake na asijue: halali kitandani, haumwi kichwa, anakwenda shambani au anashusha mtumbwi kama kawaida. Waganga wa nafsi wangeiita hali hiyo subira, nayo inafanana nayo kweli, kwa kuwa adui yupo na mwili umechagua kutojiangamiza kwa ajili yake.

Ipo hadithi mashuhuri, kwa Bukhari na kwa Muslim, inayowafananisha waumini na mwili mmoja ambao kiungo kikiuma, viungo vyote huitika kwa kukesha na kwa homa. Si rahisi kupata maelezo ya saitokini yaliyo wazi kuliko hayo: jeraha liko mguuni, na anayekosa usingizi ni mtu mzima mzima. Katika mfano huo, homa ndiyo dalili ya umoja. Mwili wa yule mtu mzima wa Dabaso umeacha kuitika, na kwake yeye hilo ni salama. Lakini vimelea vilivyonyamaziwa humfikia mbu anayemuuma jioni barazani, na baada ya siku kumi au zaidi, vikishakomaa tumboni mwa mbu, huingia kwa mtoto wa nyumba ya pili, ambaye mwili wake haujajifunza kunyamaza. Kwa sababu hiyo neti na dawa hupewa hata wasiosikia homa.